Mlima wa Ta Ildefons

Kagoma, Muleba
9 Agosti 1970

Kwa Nesi Siti Muharami,

Salamu nitakupa siku nyingine, hasira ikinipungua. Leo sina.

Mimi ni Georgina, mke wa Ta Ildefons Rwegasira, yule aliyepasuliwa kifua Kampala mwezi wa sita wakamwondolea kipande cha pafu chenye kansa. Unamjua sana, hata wewe humwita Ta, yaani baba, kama sisi. Wakati wa kurudi alikaa kwa mdogo wake huko Bilele, akawa anakuja kwako hospitali kila asubuhi umfundishe mazoezi. Mimi huku nilidhani unamsaidia apone. Kumbe ulikuwa unaniharibia mtu.

Sikiliza alivyofanya. Alipofika nyumbani nilikuwa nimetandaza majani mabichi chumba cha mbele, kitanda chake nimekiweka mkabala na mlango ili watu wakiingia wamwone. Madirisha nimeyaziba. Moto nimeuwasha pembeni yake na hauzimiki, asije akashikwa na baridi. Nikamwambia, kazi yako sasa ni kulala, nyingine zote niachie. Ndivyo tunavyomuuguza mtu kwetu, Nesi. Watu wanakuja na mikungu ya ndizi, wanakaa, wanatafuna kahawa, wanamtazama mgonjwa, wanaguna, wanakwenda. Mgonjwa anajua kwamba ana watu, na watu wanajua kwamba ana mke.

Asubuhi ya kwanza nikaingia na uji, kitanda kitupu. Nikazunguka kibanja kizima, mgomba kwa mgomba, nikiita. Nilimkuta katikati ya mlima ulio nyuma ya nyumba yetu, mkono mmoja ameunyoosha juu, midomo ameibana, anapuliza. Anapuliza nini? Moto hakuna, uji hakuna. Mbele yake kuna migomba ya jirani tu. Nilipomuuliza akasema, "Nesi amesema." Tangu hapo kila siku ni hivyo hivyo, na jibu ni hilo hilo.

Jumapili wakaja ndugu zake kutoka Kamachumu, kwa miguu, na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi. Wakakuta majani, moto, kitanda na mimi. Shangazi yake Ephrasia, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, akasema, "Mgonjwa umemtuma wapi, kuchota maji?" Watu wakacheka. Mimi nimekaa na mwanamume huyo tangu nikiwa msichana, sijawahi kuchekwa ndani ya nyumba yangu.

Mtu mzima anapanda mlima hana jembe, hana mzigo, hana anayemfuata huko juu. Akifika anageuka, anashuka. Kwetu mtu wa namna hiyo ni mwehu au mchawi. Chagua unamtaka yupi.

Mgonjwa haulizwi uji, hupewa. Wewe umekwenda kumwekea mlima kwenye bakuli. Mwandikie aache, na uandike upesi.

Mimi mwenye hasira,
Georgina, mke wa Ildefons


Bilele, Bukoba
17 Agosti 1970

Ma Georgina,

Mimi salamu zangu nakupa, kwa sababu mama yangu alinifundisha hivyo. Shikamoo. Habari za hapo nyumbani. Sasa tugombane vizuri.

Simwandikii aache. Ningekuwa na mabawa ningekuja kuuzima huo moto mwenyewe. Mtu amekatwa pafu, ninyi mnamfunga chumbani na kumkausha kwa moshi kama samaki? Na hao wanaokuja kumtazama na kuguna, nina hakika yuko mmoja mwenye kiko mdomoni. Ta Ildefons alikwishaacha kiko chake, na kukiacha kulimtesa kuliko kisu cha daktari. Asirudishiwe moshi kwa mlango wa mbele.

Nikueleze kwa upole, ingawa upole leo sina mwingi. Kipande cha pafu kimetolewa, kilichobaki kimenywea. Akilala chali mchana kutwa, hakifunguki. Makohozi yanatuama chini kama maji ya mvua kwenye shimo, halafu inakuja homa ya mapafu. Ndiyo maana ninataka avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji. Mkono wa upande wa kidonda asipouinua, bega litaganda, atakuwa anavalishwa shati kama mtoto. Na akikohoa, abane mto kwenye kidonda akohoe kwa nguvu, asimeze. Hakuna uchawi hapo.

Mwaka jana nilikuwa na mzee mmoja wa Rubafu. Alipasuliwa salama. Nyumbani kwake walimpenda mno, wakambeba hata kwenda chooni. Alikuwa na binti watano na wote walishindana kumlisha. Walimlaza mpaka akalala moja kwa moja. Nilikwenda matangani, nikasikia watu wanasifu jinsi alivyouguzwa vizuri. Nilitoka nje kwa hasira, nikakaa barabarani nikisubiri basi. Sitaki kuja Kagoma kwa safari kama hiyo.

Mlima nimempa kwa kipimo, Ma Georgina, sikumtupa tu. Akipanda, aweze kukujibu ukimsemesha, lakini asiweze kuimba. Akishindwa kukujibu, mkalishe chini hapo hapo. Akiweza kuimba, basi anatembea kivivu, njia hiyo imekwisha kuwa nyepesi kwake, aongeze.

Kipimo hicho nilikitoa kwake mwenyewe. Aliniambia alikuwa anashika sauti ya chini kwenye kwaya ya parokia tangu ujana. Kidonda hakikumliza. Siku aliyoniambia kuhusu sauti yake, alilia. Pengine kwako alificha, maana wanaume wa kwenu ndivyo walivyo, na wa kwetu pia.

Panda naye. Watu wakiwaona wawili hawatacheka.

Siti Muharami


Kagoma
30 Agosti 1970

Nesi Siti,

Moto nimeuzima. Usidhani umenishinda, kuni zilikuwa zimekwisha.

Hilo la kulia hukupaswa kuniambia kwenye barua, na yeye hakupaswa kukwambia wewe kabla yangu. Nimekaa nalo siku kadhaa. Halafu nikasema basi, nitapanda naye. Nikapanda naye asubuhi mbili tatu, tukiongea ovyo ili nipime kama anajibu. Nilikuwa naanza kuzoea. Sasa sikia kilichotupata.

Juzi amekuja Clavery Mwijage. Huyu ni mwenyekiti wa kijiji chetu, ndiye msimamizi wa shamba la ujamaa huko juu kabisa mlimani, tunakolima maharage na kupanda kahawa mpya. Nilimpa kiti, hakukaa. Nilimletea kahawa ya kutafuna, akaipungia mkono. Mtu akikataa kahawa mlangoni kwako ujue amekuja kwa shari. Akasema, "Mama, mumeo namwona kila siku. Anapanda mlima kuliko mbuzi wangu. Jumatatu aje na jembe kama wenzake. Hapa tunajenga nchi, hatufugi kupe."

Kupe. Ta Ildefons, ambaye shamba lile lilipoanzishwa alikuwa wa kwanza kung'oa visiki. Na anayesema ni Clavery, ambaye jembe lake halijaona udongo. Yeye huja shambani jua limepanda, suruali imepigwa pasi, anasimama kwenye kichuguu anatuonyesha kwa fimbo mahali pa kulima.

Hasira ilinipanda, nikafungua mdomo. Nikasema, "Mwenyekiti, umechelewa. Jana ameanguka huko huko mlimani, tukambeba. Hawezi hata kuketi. Padre amekuja jioni kumpaka mafuta matakatifu."

Padre hakuja. Mungu anisamehe. Lakini alivyokuwa ananitazama, nilitafuta neno zito kuliko jembe, nikapata hilo tu. Clavery alivua kofia, akaondoka kinyumenyume.

Sasa utaona shida. Kama ameshapakwa mafuta hawezi kuonekana mlimani kesho yake. Nimemwambia alale kidogo mpaka jambo hili lipoe. Wewe uko hospitali, una mhuri. Mwandikie mwenyekiti kwamba mtu huyu hawezi kulima, ili nimfungue mume wangu kitandani. Fanya haraka.

Georgina


Bilele
6 Septemba 1970

Ma Georgina,

Shikamoo. Barua ya mwenyekiti nimeiandika, nimempelekea daktari akatia sahihi, mhuri upo, nimeiposti leo pamoja na hii.

Sikulala vizuri kwa neno lile la kupe. Hapa mjini pia wapo watu wa namna hiyo. Kila anayeona mtu amesimama wima anadhani mtu huyo ni mzima. Wanataka mgonjwa atambae ndipo waamini.

Lakini ujue, katika ile barua nimeandika ukweli mtupu. Nimesema asilime, asibebe mzigo, asiinue kitu kizito mpaka nimwone tena. Na nimesema apande mlima kila siku kwa sababu ndiyo dawa yake. Wewe umemsingizia mpako wa mwisho, mimi hilo sikuligusa. Njia ya mwongo ni fupi, Ma Georgina, na ya kwako naona haifiki hata kanisani.

Barua ikifika tu, mwinue. Siku moja ya kulala kwa mtu kama yule ni hasara kubwa.

Siti


Kagoma
20 Septemba 1970

Nesi Siti,

Ahsante kwa barua yako. Imetumaliza.

Clavery aliisoma kwa sauti baada ya Misa, nje ya kanisa, watu wote wamesimama. Kile cha kwamba asilime alikisoma haraka haraka kama mtu anayemeza kwinini. Alipofika kwenye mlima akaongeza sauti. "Apande mlima kila siku!" Akarudia. Watu wakaangua kicheko. Akasema, "Ndugu wananchi, kama daktari amempa mlima, mimi nampa jembe la kulimia huko huko mlimani. Dawa mbili kwa safari moja." Halafu akanigeukia, akaniuliza mbele ya watu yule aliyepakwa mafuta ni Ildefons yupi, na huyu anayetakiwa kupanda mlima ni Ildefons yupi. Padre alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitasa, ananitazama.

Nikasema daktari aliandika kabla hajazidiwa. Ndilo lililonijia.

Uongo wangu ulikuwa unakwenda vizuri, Nesi, mpaka ukweli wako ulipoukanyaga. Sikulaumu wewe peke yako. Namlaumu Clavery, na namlaumu Ephrasia, aliyekuwa amekuja kutusalimu, akacheka kwa sauti kuliko wote. Ila naomba usiandike tena kwa mwenyekiti, wala kwangu usiandike kwa sasa. Mzee yuko salama. Anapumzika, anakula, mazoezi yako anayafanya humo ndani. Usiwe na wasiwasi.

Georgina


Kagoma
4 Oktoba 1970

Nesi Siti,

Tumsifu Yesu Kristo, au kwa upande wako, salaam. Ni mimi Ildefons. Barua hii nimempa jirani yangu Datius akaiposti, yule mwenye kiko, na jibu lipitie kwake. Kiko chake anakiacha nje siku hizi, nimemkataza.

Nimekasirika, na hasira yangu ni kwenu wawili.

Mke wangu amekuandikia kwamba niko salama nafanya mazoezi ndani. Si kweli. Tangu mwezi wa nane nimelazwa chali. Watu wakibisha hodi, Georgina ananifunika blanketi mpaka kidevuni, ananiambia, "Guna." Basi naguna. Mwanzoni nilikuwa naguna kwa kuigiza, nikawa hata nataka kucheka. Sasa hakuna haja ya kuigiza. Makohozi yamejaa, naamka nimelowa jasho. Bega limekaza, jana shati nimevalishwa. Nikienda chooni nashika ukuta. Nilipotoka kwako nilikuwa nafika nusu ya mlima, na sasa mlango wa nyumba yangu unanishinda.

Simwonei mke wangu. Alichosema kwa Clavery alikisema kwa kunipenda, na akishasema neno halirudishi, hata ng'ombe akilia. Akininyanyua leo anaonekana mwongo mbele ya kijiji na mbele ya padre. Kwa hiyo ananizika taratibu ili asiaibike, na usiku anasali rozari kwamba nipone. Nikimwambia ananijibu kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Na wewe, Nesi, umenipa mlima. Mwenyekiti amenipa jembe. Mke wangu amenipa kitanda. Mmeandikiana barua miezi miwili, nimezisoma zote, zako na rasimu zake, anazificha chini ya godoro ninalolalia mimi. Mnanijadili kama ndama mnadani, huyu anashika mkia, yule anafungua kinywa aone meno. Sijaona mahali ambapo mmoja wenu ameuliza, Ildefons, wewe unatakaje.

Nimechoka kutoulizwa uji. Niulizeni.

Ildefons Rwegasira


Bilele
10 Oktoba 1970

Ta Ildefons,

Shikamoo baba. Umenipiga, na umenipiga mahali penyewe. Basi nakuuliza. Unataka nini?

Kabla hujanijibu nikuambie unachonunua na bei yake, maana hakuna mwingine atakayekuambia. Ukiendelea kulala hivyo, sikukuu ya Noeli sitaki kuitaja. Ukiinuka leo, anza na mlango. Kesho mgomba wa kwanza. Mto ubane kifuani ukohoe, utoe uchafu wote. Ule mkono uupandishe ukutani kwa vidole, kama buibui anavyopanda, hata kama machozi yatatoka. Halafu rudi mlimani. Kidonda hakina neno tena, daktari alikuona akaridhika. Kinachokuua sasa ni kitanda.

Lakini siku utakayoonekana mlimani, Ma Georgina ataitwa mwongo na kijiji kizima. Mimi natibu mapafu, hilo sina dawa yake. Utaliamua wewe kama mume.

Ninachokiomba ni kimoja, usiamue kwa kulala.

Siti


Kagoma
15 Novemba 1970

Nesi Siti,

Nakuandikia kwa sababu hapa ndani sina wa kusema naye. Na mume wangu siongei. Leo ni siku ya nne.

Alhamisi Clavery aliitisha mkutano kule juu shambani. Ajenda ilikuwa kupe. Alisema kaya ambayo mtu wake halimi bila sababu itasimamishwa mbele ijieleze. Niliondoka nyumbani nimemwacha Ildefons amelala, blanketi mpaka kidevuni, anaguna vizuri. Ningejua.

Nilisimamishwa. Nilivaa kitenge changu kizuri ili nisionekane mnyonge. Nikawaambia mume wangu ni wa leo au kesho, hajainua kichwa tangu mwezi wa nane, na yeyote anayemwita kupe akamwangalie mwenyewe aone aibu. Nilisema vizuri, Nesi. Wanawake walianza kufuta macho. Hata Clavery aliangalia chini.

Halafu nikaona hawanitazami tena. Wanatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Yuko njiani, chini yetu kidogo, na shati lake la kanisani, anapanda. Anakwenda kidogo, anasimama, anaibana midomo, anapuliza, anakwenda tena. Kumbe mwezi mzima nikishatoka kwenda kulima alikuwa anaamka anajizoeza nyuma ya jikoni, na nikirudi namkuta kitandani anaguna. Alinigunia mimi, mkewe. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitamani ardhi inimeze na jembe langu.

Clavery alichukua jembe, akalitupa miguuni pake. Akasema, "Karibu, marehemu."

Ildefons hakulitazama. Alisubiri kwanza apate pumzi, alisubiri sana, mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Alipoanza kusema maneno yalikuwa yanatoka machache machache, na katikati anavuta hewa, ikabidi watu wanyamaze ili wasikie. Nimeyashika kichwani, nakuandikia alivyosema.

"Mke wangu amewadanganya. Ni kweli. Lakini muulizeni mwenyekiti alimwachia nini cha kusema. Kwake yeye mtu ni wa aina mbili, wa jembe au wa kaburi. Mimi siko kwenye jembe, na kaburini bado. Niko katikati. Huku katikati kuna watu, ninyi hamtuoni tu. Georgina alinipeleka kwenye kaburi kwa sababu jembe lingenifikisha huko kweli. Anayetaka kumcheka, aanze kwa kumcheka aliyemlazimisha."

Clavery akasema maneno matamu hayalimi maharage, na Uhuru ni Kazi.

"Nipe kazi basi," Ildefons akamwambia. "Sijakataa kazi mimi. Hamjaniuliza naweza ipi." Akanyoosha mkono, ule wa upande mbovu, haukufika juu sana, akaonyesha chini kwa Clavery. "Ngoma ya kijiji inakaa nyumbani kwako. Wewe ukilala, nayo inalala. Watu hawajui saa, wanakuja kila mmoja kwa wakati wake, halafu unawasimamisha hapa unawaita wavivu. Ileteni ngoma huku juu, ikae kwenye kibanda cha majembe. Mimi nitapanda kila asubuhi niipige. Mlima ndio dawa yangu. Mkono wa kupigia ndio huu ninaotakiwa kuunyoosha. Na ninyi mtaacha kugombezwa kwa kosa la mtu mwingine."

Clavery alitaka kukataa, nikamwona. Lakini Ephrasia alikuwa amekuja kutoka Kamachumu kunitembelea, akajiingiza mkutanoni kama kawaida yake, na si mwanakijiji hata kidogo. Akapaza ile sauti yake, "Waitu, jamani, mpeni mtoto ngoma apumue." Wanawake wakaitikia, na wao ndio wengi kwenye shamba lile kuliko wanaume, nawe unajua. Vijana wakateremka wakaileta ngoma siku ile ile. Clavery alisema kwamba wazo hilo alikuwa nalo tangu zamani.

Basi ameshinda. Kijiji kinamsifu. Padre kanipa kitubio kirefu. Na mimi ndiye niliyevuliwa nguo mbele ya watu ili yeye apumue. Najua alikuwa sahihi, usiniandikie kunieleza. Nimemkasirikia vile vile. Angeniambia usiku, nikajiandaa. Namuuliza kwa nini hakuniambia, anasema, "Ungeniambia nilale." Ningemwambia alale, ni kweli.

Namwekea uji mezani sisemi neno. Asubuhi anatoka, nami natoka na jembe langu, natembea mbele yake hatua nyingi, watu wasidhani nimemsamehe. Lakini siendi mbali sana. Akianguka nimsikie.

Georgina


Kagoma
13 Desemba 1970

Nesi Siti, mwanangu,

Pakacha hili alilobeba dereva wa basi ni la senene, panzi wetu wa msimu huu, nimewakaanga mwenyewe, na hawana chumvi nyingi. Zile salamu nilizokunyima mwezi wa nane nimezifunga humo humo.

Tunaongea sasa mimi na mzee, kwa hiyo tunagombana. Ngoma inalia kabla jua halijatoka juu ya migomba. Clavery ndiye anayekuja wa mwisho, na watu wameshamzoea, wakimwona anapanda anahema na suruali yake ya pasi wanamwambia apulize. Anachukia sana. Mtu mmoja alimwambia akamwone nesi wa Bukoba. Ametupunguzia maneno kidogo, si mengi. Jana ameanza kusema kwamba mpiga ngoma naye apimwe kazi yake. Namsubiri aje nyumbani akatae kahawa tena.

Mzee hajapona kabisa. Usiku bado anakohoa na kubana mto. Mwezi wa kwanza anakuja kwenu apigwe picha ya kifua, waone kama kile kitu kimerudi. Tunajua kinaweza kurudi. Hatulisemi sana, ila siku hizi tunalisema wote wawili, silisali peke yangu.

Nakuandikia kwa ajili ya leo asubuhi. Leo ni Jumapili, shamba hakuna, lakini alisema kifua hakijui Jumapili, tukapanda kabla ya Misa. Mimi mbele, yeye nyuma, kama kawaida. Tulipofika pale penye mteremko mkali nikamuuliza kama amefunga mlango wa jikoni, maana mbuzi wa Datius hawana adabu. Hakujibu. Nikauliza tena kwa sauti kubwa.

Ulisema akishindwa kujibu nimkalishe chini hapo hapo. Niligeuka nimkaripie akae, na maneno yalikuwa tayari mdomoni.

Alikuwa amesimama wima, anavuta hewa kwa pua, polepole, kama ulivyomfundisha. Halafu akaanza wimbo wa Majilio, ile sauti ya chini ambayo sijaisikia tangu mwaka jana. Ilikuwa na mikwaruzo, na katikati ya mstari aliikata akapumua, akaendelea nayo. Alitembea anaimba. Nilijisogeza pembeni kwenye nyasi nikamwacha anipite, akaimba mpaka kwenye ngoma. Nililia nikiwa nyuma yake, kwa sababu huko hawezi kuniona, na wewe usimwambie.

Basi, mwanangu, sheria ni yako, sikuitunga mimi. Ulisema akiweza kuimba, njia hiyo imekuwa nyepesi kwake, aongeze. Huku Kagoma mlima tuliokuwa nao ni huu, na ameumaliza. Tuandikie twende upi.

Mama yako,
Georgina